Flavonoidi za Mimea: Zipi Zimefikia Kuwa Dawa?

Anayemenya kitunguu chekundu mara nyingi hutupa pamoja na ganda lile tabaka la nje, ambalo ndilo lenye kwasetini nyingi kuliko kiini chake. Kwasetini ni mojawapo ya flavonoidi, kemikali zaidi ya 6,000 ambazo mimea hujitengenezea ili kujikinga na miale ya jua, wadudu na kuvu, na ambazo zina kiunzi kimoja cha atomi 15 za kaboni.

Mwaka 1936 mwanasayansi Albert Szent-Györgyi na wenzake waliziita flavonoidi vitamini P, wakiamini kwamba huimarisha mishipa myembamba ya damu. Jina hilo liliachwa, ila matumizi kwa mishipa yalibaki: diosmini na hesperidini, ambazo pia ni flavonoidi, hutolewa kwa wenye vena dhaifu za miguu na kwa wenye bawasiri.

Ugumu uko hapa. Maabarani, kwasetini ikimiminwa juu ya seli za saratani, seli hufa, na habari hiyo husambaa upesi mno. Lakini ndani ya mmea kwasetini imefungamana na sukari. Sehemu yake hufyonzwa katika utumbo mwembamba, inayobaki huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo mpana, na hata ile iliyofyonzwa hubadilishwa na ini kabla ya kusambaa mwilini. Kinachofika kwenye damu ni kidogo sana, tena si kilekile kilichomiminwa juu ya seli. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: jaribio lilifanywa kwa seli au kwa watu?

Katekini, flavonoidi za chai ya kijani, zinaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha mafuta ya kupaka yenye katekini hizo kutibu chunjua za sehemu za siri, na dawa inayopakwa penye ugonjwa haihitaji kupita tumboni wala kwenye ini. Zikimezwa kwa wingi, mambo ni mengine: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilihusisha virutubisho vyenye miligramu 800 au zaidi za katekini kuu ya chai hiyo kwa siku na kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili kwamba huenda ini linaumia.

Kwa hiyo, ukiwa unameza vidonge vya dondoo la mmea wowote, nenda na kichupa chake unapomwona daktari, hasa kama kuna dawa nyingine unazotumia, ili asome mwenyewe kilichomo na kiasi chake.