Mtandao binafsi wa kampuni: maana yake, na usalama unaokuja nao

Mtandao binafsi wa kampuni ni huduma ambayo kampuni za mawasiliano huwauzia wateja wa biashara wenye ofisi zaidi ya moja, ili ofisi hizo ziwasiliane kana kwamba zote zimo ndani ya jengo moja. Chukua kampuni ya uwakala wa forodha yenye makao makuu Dar es Salaam, tawi Tunduma mpakani, tawi jingine Lubumbashi na ofisi ndogo Dubai. Karani wa Tunduma anapofungua faili la kontena lililoshushwa bandarini, faili lenyewe liko kwenye seva ya Dar es Salaam. Njia inayopitisha data kati ya kompyuta yake na seva hiyo, rauta (vifaa vinavyoielekeza data njia yake) za kila upande, mafundi wanaoiangalia usiku na mchana, na mkataba unaosema nani anawajibika ikikatika: vyote hivyo kwa pamoja ndiyo huduma.

Wazo hili ni la zamani kuliko intaneti. Mwaka 1949 mashirika 11 ya ndege yaliunda SITA ili yachangie mtandao mmoja wa kupelekeana ujumbe, badala ya kila shirika kujikodia laini zake. Leo huduma za namna hii zinauzwa dunia nzima na kampuni kama BT, Orange, NTT, Tata Communications na Verizon. Hakuna hata moja kati yao yenye waya wake hadi kila mlango wa mteja. Kipande cha mwisho, kile kinachoingia ofisini Lubumbashi, hukodiwa kutoka kwa kampuni ya huko huko, na pengine nayo imekikodi kwa nyingine. Mteja anapokea ankara moja yenye nembo moja, ila nyuma yake kuna mikataba kadhaa asiyoiona. Laini ikikatika saa nane usiku, uliyemlipa atampigia mwenzake, naye mwenzake atampigia fundi wake. Ulizia mlolongo huo kabla ya kutia saini.

Wateja wengi wanalipia huduma hii wakiamini wamenunua usalama wote kwa mkupuo mmoja. Sivyo. Data yako kutengwa na ya wengine ni jambo moja. Kufichwa isisomeke ni jambo jingine. Kuendelea kupita hata njia ikikatika ni la tatu, na kila moja lina bei yake.

Tuanze na kutengwa, maana hapo ndipo huduma hii inapofanya kazi nzuri. Teknolojia iliyoibeba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 inaitwa MPLS. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ikitoka ofisini kwako, rauta ya kwanza ya mtoa huduma inaibandika lebo, na rauta zinazofuata zinaisukuma mbele kwa kusoma lebo hiyo tu. Kila mteja ana jedwali lake la njia. Ndiyo maana kampuni mbili zinaweza kutumia anwani za ndani zinazofanana kabisa, zikapita kwenye mkongo (waya mkuu wa mawasiliano) uleule, na zisikutane hata siku moja. Mtoa huduma anaweza pia kuagiza kwamba simu za sauti zipite kwanza na nakala za akiba zisubiri, jambo ambalo intaneti ya kawaida haikuahidi.

Lakini lebo haifungi kitu. Ni kama kifurushi kinachotumwa kwa basi kikiwa na jina la mpokeaji: hakichanganywi na vya wengine na kinafika kwa mwenyewe, ila kondakta akitaka kuchungulia ndani, hakuna lakiri ya kumzuia. Data inayopita kwenye MPLS, kama hukuisimba mwenyewe (kuigeuza isisomeke bila ufunguo), inasomeka na yeyote anayeweza kuufikia waya au rauta iliyoko njiani.

Hofu hii ina ushahidi. Oktoba 2013 gazeti la Washington Post, likitumia nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden, liliripoti kwamba NSA ya Marekani pamoja na GCHQ ya Uingereza, idara za ujasusi, zilikuwa zikichota data kwenye nyaya zinazounganisha vituo vya data vya Google na vya Yahoo. Nyaya hizo zilikuwa za binafsi. Barua pepe ya mtumiaji ilisimbwa kutoka kwenye simu yake hadi mlangoni kwa Google, kisha ikishaingia ndani ilisafiri wazi kutoka kituo hadi kituo, kwa sababu ndani kulihesabiwa kuwa ni nyumbani. Baada ya hapo kampuni hizo ziliharakisha kusimba hata nyaya zao za ndani. Ikiwa Google yenyewe ilipitiwa, wakala wa forodha mwenye hati za wateja na taarifa za malipo hana sababu ya kujiona yuko salama kwa kuwa laini yake inaitwa binafsi.

Dawa yake inajulikana na wala si ghali. Weka usimbaji juu ya mtandao huo, kwa mfano kwa IPsec, utaratibu wa kusimba kila kinachopita kati ya rauta za ofisi zako, au hakikisha kila programu inayotumika inawasiliana kwa TLS, usimbaji unaofanywa na programu yenyewe. Kisha uliza swali ambalo wauzaji wengi hulipita haraka: funguo za usimbaji anazishika nani? Kama anazishika mtoa huduma, umejikinga na watu wa nje, lakini yeye na yeyote anayeweza kumlazimisha azitoe bado wanaweza kusoma. Kwa biashara nyingi hilo linavumilika. Kwa benki, hospitali au ofisi ya mawakili, kwa maoni yangu, halifai.

Siku hizi utauziwa pia SD-WAN. Hii inachukua laini za kawaida za intaneti, hata zile za bei nafuu, inazifunga pamoja, inasimba data tangu mwanzo, na inachagua yenyewe laini iliyo nzuri kwa wakati huo. Imepunguza gharama kwa matawi mengi ya mbali na ni huduma nzuri. Tatizo lake ni kwamba vifaa vyake vinatazama intaneti moja kwa moja, kwa hiyo visiposasishwa mara tu dosari inapotangazwa, vinageuka kuwa mlango wa wadukuzi. Andika kwenye mkataba nani anasasisha na ndani ya siku ngapi.

Sasa kutokatika. Hapa Afrika Mashariki imejifunza kwa gharama kubwa, na ni eneo ambalo wateja hudanganyika kwa urahisi bila hata muuzaji kusema uongo.

Hadi mwaka 2009 pwani yetu ilitegemea setilaiti. Setilaiti hizo za zamani hukaa km 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi huko inakula nusu sekunde au zaidi. Mtu aliyewahi kuzungumza kwa laini ya namna hiyo anakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakikatizana maneno. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ikaanza kazi, na EASSy ikafuata 2010. Mambo yakabadilika kabisa. Hata hivyo ramani ya mikongo hii ina tabia moja: karibu yote inapita sehemu chache zilezile. Kwenda Ulaya kwa upande wa kaskazini ni Bahari ya Shamu. Upande wa kusini ni kushuka pwani ya Msumbiji hadi Afrika Kusini.

Februari 2012 EASSy ilikatika Bahari ya Shamu, na sehemu ya mawasiliano yake ikahamishiwa TEAMS, mkongo unaotoka Mombasa hadi Fujairah. Siku chache baadaye meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ikashusha nanga mahali palipokatazwa, na TEAMS nayo ikakatika. Aliyekuwa na laini kuu ya EASSy na akiba ya TEAMS alikuwa amefanya kila alichoshauriwa, na bado alikwama.

Mwaka 2024 ikajirudia kwa upana zaidi. Mwezi Februari mikongo kadhaa ilikatika Bahari ya Shamu, ikiwemo sehemu ya kaskazini ya SEACOM. Inaaminika ilikatwa na nanga ya meli ya Rubymar, iliyopigwa kombora na Wahouthi wa Yemen ikawa inaelea bila mwelekeo hadi ilipozama. Wataalamu wakahamishia mzigo kusini. Tarehe 12 Mei, Jumapili, EASSy na SEACOM zikakatika kwa wakati mmoja upande huo wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa malipo yaligoma, barua pepe zilikwama, na hata Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulisitisha kwa muda huduma kwa umma.

Kwa hiyo mtu akikuambia una watoa huduma wawili, usitosheke. Wawili hao wanaweza kuwa wamekodi nafasi kwenye mkongo mmoja baharini, na nchi kavu wakawa wamepitisha faiba (waya wa kioo unaobeba data kwa mwanga) kwenye mtaro mmoja kando ya barabara moja, unaosubiri katapila la mkandarasi. Omba ramani. Omba majina ya mikongo, mahali inapotua, na njia ya faiba kutoka pale inapotua hadi ofisini kwako. Kampuni yetu ya forodha, kwa mfano, ingefaa kuwa na laini moja inayotokea Dar es Salaam na nyingine inayopita nchi kavu hadi Mombasa na kutumia mkongo wa kuelekea Ghuba. Nyingine inaweza kuwa ya setilaiti, kwa kazi chache zisizoweza kusubiri. Tena ujaribu kuihama laini kuu ukiwa huna tatizo, si siku ya tatizo. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama km 200,000 kwa sekunde, hivyo kila km 1,000 za ziada huongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Njia ya akiba inayozunguka bara zima itafanya kazi, lakini mfumo wa zamani wa uhasibu uliozoea majibu ya papo hapo unaweza kugoma kabisa.

Kuna tishio jingine ambalo halikati waya wala halisomi data. Linaijaza tu laini yako hadi isipitike. Wadukuzi wanaamuru maelfu ya vifaa walivyoviteka vitume maombi kwako kwa wakati mmoja. Julai 2023 eCitizen, tovuti inayobeba maelfu ya huduma za serikali ya Kenya, iliyumba kwa shambulio la aina hiyo, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililohusika. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi hilo. Ukuta wa kinga (firewall) uliouweka ofisini haukusaidii hapa. Kama laini yako ni ya megabiti 100 kwa sekunde na kinachokuja ni gigabiti 10, imeshajaa kabla ya chochote kuufikia ukuta huo. Uchujaji unapaswa kufanyika juu, kwenye mtandao wa mtoa huduma, na kwa kawaida ni kipengele kinachonunuliwa peke yake.

Halafu kuna lililoikuta Benki Kuu ya Bangladesh Februari 2016. Wezi waliingia kwenye kompyuta za benki hiyo, wakatuma kupitia SWIFT, mtandao wa ujumbe unaounganisha mabenki duniani, maagizo 35 ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka akaunti yake New York. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Mtandao wa SWIFT wenyewe haukuvunjwa. Ulifikisha salama kabisa ujumbe wa wezi. Mpelelezi wa polisi wa Bangladesh aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba benki haikuwa na ukuta wa kinga, na ilitumia swichi za mtandao za mitumba za dola 10 kuunganisha kompyuta zilizoifikia SWIFT. Kabla ya kulipia laini ghali zaidi, angalia ni nani anaweza kuchomeka kompyuta kwenye swichi ya tawi lako la mbali, na kama mtu anaingia kwenye mfumo kwa nywila peke yake bila uthibitisho wa pili.

La mwisho ni namba zilizo kwenye mkataba. Ahadi ya asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43 za kukatika kwa mwezi wa siku 30. Asilimia 99.5 inasikika karibu sawa, ila inaruhusu saa 3 na dakika 36. Soma wanapimia wapi: mlangoni kwako, au kwenye kituo chao mjini, ambapo taa inaweza kuwaka kijani huku tawi lako likiwa gizani. Soma pia fidia. Mara nyingi ni punguzo kwenye ankara ya mwezi unaofuata, wala haigusi mzigo uliolala bandarini ukitozwa gharama za kuhifadhiwa. Na mikataba mingi huweka kukatika kwa mkongo wa baharini kwenye fungu la majanga yaliyo nje ya uwezo wa mtoa huduma. Hapo hata punguzo hulipati, labda kama wakati wa kujadiliana ulidai njia ya pili iandikwe kwa jina la mkongo wake.