Urefu wa risasi ukiyumba, usikimbilie skrubu

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wanaojitengenezea risasi za raifo ni haya: kalibu (kifaa kinachosukuma kichwa, yaani kipande kinachoruka, ndani ya ganda) imepangwa mara moja, mkono wa presi inayoibeba unashushwa kwa nguvu ileile, lakini kalipa, kipimio chenye taya, inatoa urefu mwingine kwa kila risasi. Wengi hapo hukimbilia kugeuza skrubu ya kalibu. Mimi huuliza kwanza: umepima kutoka wapi hadi wapi?

Ukipima kutoka kitako cha ganda hadi nchani, umepima sehemu isiyoaminika kuliko zote. Ncha laini hubonyea hata ndani ya kisanduku chake, na ncha zenye tundu hutoka kiwandani zikiwa na kingo zisizolingana. Kisukumio kilicho ndani ya kalibu, kikiwa kinafaa, hakigusi ncha hata kidogo. Hukishika kichwa chini zaidi, pale kinapoanza kunenepa. Basi pima hapohapo, kwa kutumia kile kipimio cha tundu kinachofungwa kwenye taya la kalipa. Mara nyingi tofauti iliyokuwa inakunyima usingizi hupungua sana, na hakukuwa na cha kurekebisha.

Isipopungua, kagua kisukumio. Vichwa virefu vyembamba huweza kuzama ndani yake hadi ncha igonge mwisho wa shimo, au ukingo wa kisukumio ukaacha pete juu ya shaba ya kichwa. Paka kichwa wino wa kalamu nzito, kisukume, kitoe, uone wino umekwaruzwa wapi. Kama ni nchani, tafuta kisukumio cha umbo la kichwa hicho.

Sasa tuje kwenye shingo ya ganda, ambako kwa maoni yangu ndiko matatizo mengi huzaliwa kabla hata kalibu ya kusukumia haijaguswa. Kwa raifo ya kukoki kwa mkono, shingo ambayo kwa ndani ni nyembamba kuliko kichwa kwa takriban milimita 0.05 kwa kawaida hushika vya kutosha. Ikibana zaidi, kichwa huingia kwa kulazimishwa, na mkono utakuambia: risasi moja inateleza, inayofuata inagoma. Chanzo kinaweza kuwa shaba ya ganda iliyokakamaa kwa kufyatuliwa na kubanwa (kurudishwa kwenye vipimo vyake) mara nyingi, na dawa yake ni kuipasha moto shingo, shingo peke yake; kitako kikilainika, ganda hilo ni la kutupwa. Au mdomo wa ganda haujakwanguliwa ukingo wa ndani, kwa hiyo unachuna shaba ya kichwa na kuacha vinyweleo. Vichwa vyenye kitako bapa huteseka zaidi hapa, maana havina mchongoko wa kujiongoza. Na wapo wanaosafisha maganda hadi yanang'aa ndani na nje, kisha wanashangaa vichwa vinakwama. Ule weusi kidogo ndani ya shingo hufanya kazi ya kilainishi. Ukiuondoa, rudisha kitu mahali pake; unga wa grafiti unatosha.

Bega la ganda, pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni, likivimba au kukunjamana, risasi ikagoma kuingia chemba (nafasi ya mtutu inayoipokea), mshukiwa wa kwanza ni kalibu iliyoshushwa mno, hadi pete yake ya kukunja mdomo wa ganda ili ukishike kichwa ikalisukuma ganda lenyewe. Weka ganda tupu lililokwisha kubanwa, lipandishe hadi juu, shusha kalibu mpaka iguse mdomo, kisha irudishe juu mzunguko mmoja na uifunge. Kina cha kichwa kipange kwa skrubu ya kisukumio tu. Kama unakunja mdomo makusudi, maganda yote yakatwe urefu mmoja: la .308 Winchester, aina moja ya risasi za raifo, lisizidi milimita 51.18.

Kina chenyewe si suala la usahihi wa shabaha tu. Kichwa kikizama mno, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda. Kikigusa matuta ya mtutu (miinuko ya ndani inayokizungusha kichwa), shinikizo hupanda pia. Risasi nzima ya .308 Winchester ina kikomo cha milimita 71.12, lakini kichwa kinene mbele kinaweza kugusa matuta kabla ya hapo, hivyo chemba yako uipime kwa kichwa hichohicho. Ukibadilisha kichwa au kina, rudi kwenye kipimo cha baruti cha kuanzia cha kitabu cha mtengenezaji, upande polepole. Kichwa kinachosogea kwa kidole usikiokoe kwa kukunja mdomo. King'oe, ulibane ganda upya.

Kuna hali moja inayowachanganya hata wazoefu: urefu ulikuwa sawa jana, leo umeongezeka. Hiyo ni baruti iliyoshindiliwa ikikisukuma kichwa kirudi juu. Usijibu kwa kukandamiza zaidi. Hakikisha kwanza kitabu kinaruhusu baruti hiyo kushindiliwa, kisha imimine taratibu kupitia faneli yenye bomba refu ili ijipange chini. Pima tena kesho yake. Ikirudi juu tena, chagua kutoka kitabuni baruti nyingine inayochukua nafasi ndogo.