Meya wa Mji Mdogo, Mbunge wa Augusta: Dhana Potofu na Ukweli

"Meya ndiye mwenye mji." Si kila mahali. Deqa Dhalac, mzaliwa wa Mogadishu, alichaguliwa diwani wa South Portland, katika jimbo la Maine nchini Marekani, mwaka 2018. Desemba 2021 madiwani wenzake wakampa umeya, na vyombo vya habari vikamtaja kuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Somalia kushika wadhifa huo. Wananchi hawakumpigia kura ya umeya. Baraza la madiwani 7 huchagua mmoja wao kila mwaka. Meya anaongoza vikao na kura yake ni moja tu. Wafanyakazi, bajeti ya kila siku, hata theluji ya barabarani, ni kazi ya meneja wa mji. Msomaji wa Tanzania ataelewa upesi, maana kwake pia meya hutoka kwa madiwani na mtendaji ni mkurugenzi. Ila mkurugenzi huteuliwa na Rais, ilhali meneja wa South Portland huajiriwa na baraza na baraza linaweza kumwachisha. Kwangu hapo ndipo nguvu ya diwani ilipo.

"Mji wa watu 26,000 hauna ubavu." Mwaka 2014, kabla ya Dhalac kuingia, baraza hilo lilipiga marufuku kupakia mafuta ghafi melini katika bandari yake. Wakazi walihofia bomba la mafuta liendalo Montreal, Kanada, lingegeuzwa lilete mafuta ya mchanga wa lami (mafuta mazito yaliyoganda kwenye mchanga) kutoka nchi hiyo, na moshi wake uwafuate majumbani. Kampuni ya bomba ikaenda mahakamani. Mwaka 2018 jaji wa shirikisho akaupa mji ushindi.

"Mbunge wa jimbo yuko chini ya mbunge wa Washington." Ni mabunge mawili tofauti: moja la jimbo, jingine la taifa, yaani Kongresi. Novemba 2022 Dhalac alishinda kiti katika Baraza la Wawakilishi la Maine, lenye wajumbe 151, mjini Augusta, makao makuu ya jimbo. Mana Abdi wa Lewiston, mji mwingine wa Maine, naye mwenye asili ya Somalia, akashinda siku hiyo hiyo. Leseni za udereva, shule na taratibu za uchaguzi hutungiwa sheria huko, wala hazisubiri idhini ya Kongresi.

"Ubunge ni ulaji." Jimbo jirani la New Hampshire huwalipa wabunge wake dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa kwenye katiba tangu 1889. Maine hulipa zaidi, lakini bunge hukaa miezi michache tu na wengi wana kazi nyingine. Hili linaniuma: mstaafu anamudu, ila mama anayefanya kazi ya zamu kwenye nyumba ya wazee ataombaje ruhusa ya miezi? Tena baada ya mihula minne mfululizo ya miaka miwili, sheria inamtaka mbunge apumzike kugombea baraza hilo.

"Asiye na kura hana la kusema." Karibu kila muswada wa Augusta husikilizwa hadharani mbele ya kamati, na mtu yeyote anaweza kwenda kutoa maoni.