Je, Wajua kwa Nini Kifo ni Mjomba Katika Hadithi ya Kintu?

Waliosoma Uganda wengi wanaikumbuka hadithi ya Kintu, mtu wa kwanza katika masimulizi ya Waganda wa Buganda, kwa zile punje za ulezi zilizosahaulika. Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, anashuka duniani na mumewe Kintu. Njiani anakumbuka kwamba kuku wake hawana chakula, anarudi kuuchukua ulezi, na kaka yake Walumbe anamwona na kumfuata. Walumbe ndiye kifo. Lakini mbona kifo kiwe kaka wa bibi harusi, kisiwe jini la msituni au adui wa Kintu?

Jibu tunaliona kwenye taratibu za ndoa. Katika kwanjula ya Waganda, yaani sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, kaka wa bibi harusi hupewa jogoo, na bila jogoo huyo ndoa huhesabiwa kuwa haijakamilika. Sasa itazame ndoa ya Nambi. Baba ameridhika, maana Kintu ameshinda mitihani yote: amemaliza chakula cha watu mia (kwa kukitumbukiza shimoni), amejaza mtungi kwa umande mtupu, na amemtambua ng'ombe wake baada ya nyuki kutua kwenye pembe yake. Kisha Ggulu huyohuyo anawahimiza waondoke mapema, Walumbe asijue, na wasirudi hata wakisahau kitu. Shemeji karukwa. Kuku wamo kwenye mizigo, ila hakuna aliye wa Walumbe. Wasimuliaji hawalisemi hili la jogoo wa shemeji. Ni usomaji wetu, ila linaeleza mengi.

Ndiyo maana Walumbe hafiki duniani akiwa na kiu ya damu. Anaomba mtoto mmoja tu amsaidie kupika. Mjomba kuomba mtoto wa dada yake akae kwake ni jambo la kawaida hadi leo. Kintu anakataa: Ggulu akija kumwulizia mjukuu wake, aambiwe yuko jikoni kwa Walumbe? Walumbe anaomba tena, ananyimwa tena, na hapo watoto wanaanza kufa.

Ggulu anamtuma ndugu mwingine, Kayikuzi, amrudishe. Hapa hadithi inageuka kuwa ya ndugu wawili, mmoja akikimbia chini ya ardhi na mwingine akichimba kumfuata. Kayikuzi anawapa watu masharti: wawe na kuni na chakula cha kutosha, wakae ndani, wasitoe mbuzi malishoni, na atakayemwona Walumbe asipige yowe. Watoto wanatoka na mbuzi hadi Ttanda, wanamwona Walumbe akichomoza, wanapiga yowe. Anazama tena. Kayikuzi, hoi kwa kuchimba, anarudi mbinguni mikono mitupu. Mashimo ya Ttanda, wilayani Mityana, yanatajwa hadi leo kuwa ndiyo aliyochimba, na watu huenda pale kuomba.

Sharti la yowe ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mtoto wa kijijini hufundishwa tangu mdogo kwamba akiona hatari apige yowe, na kila anayelisikia aje mbio. Kayikuzi aliwakataza jambo lilelile ambalo wazazi waliwazoesha. Sharti la namna hiyo huvunjwa bila mtu kuwa mwovu.

Kijana anayetunga hadithi fupi ya viumbe vya ajabu na ndugu wanaoshindana ana mengi ya kuchota hapa. Rasimu nyingi huharibika mahali pawili. Kwanza, ndugu mbaya huzaliwa mbaya, hana anachodai. Mpe dai ambalo msomaji angelikubali, kisha linyimwe mara mbili. Pili, miiko hurundikwa hadi msomaji anaisahau. Kwa kurasa tano au sita mwiko mmoja unatosha, utajwe mapema, na uvunjwe kwa sababu ndogo kama chakula cha kuku. Na kama unatafuta msimulizi, mwache Nambi, amesimuliwa vya kutosha. Mchukue Kayikuzi: ametumwa na baba kumkamata ndugu yake wa damu, na hakuna aliyemwuliza kama anataka.