Kuja kwa Kristo bila ratiba: msimamo wangu kuhusu siku za mwisho

Naamini kwamba Yesu Kristo atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu, kama tunavyokiri katika Ungamo la Imani la Nikea, na siyachukulii maneno hayo kuwa mafumbo tu. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapoeleza kwamba sikubaliani na fundisho la unyakuo wa siri, wala na miaka saba ya dhiki kuu iliyopangiwa matukio yake, wala na hesabu za kumtaja mpinga Kristo kwa jina, hakosekani msikilizaji anayehitimisha kwamba nimeiacha imani. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri na mwalimu wa Agano Jipya. Ninachokikataa ni ratiba ambayo wanadamu wamemwandikia Bwana.

Ratiba yenyewe inafahamika sana kwetu. Kristo anakuja kwanza kwa siri na kuwanyakua walio wake, na waliobaki wanaamka wakakuta vitanda vitupu. Kisha dunia inaingia katika miaka saba ya dhiki, mpinga Kristo anatawala na watu wanapigwa chapa. Mwishoni Kristo anarudi tena, safari hii hadharani, na kutawala miaka elfu kabla ya hukumu. Waumini wengi hudhani kwamba kanisa limefundisha hivyo tangu wakati wa mitume. Kumbe mpangilio huu una umri usiofikia miaka 200. Aliyeupanga na kuueneza kuanzia miaka ya 1830 ni John Nelson Darby, aliyewahi kuwa kasisi wa Kianglikana nchini Ireland kabla ya kuwa kiongozi katika kundi la Plymouth Brethren. Nchini Marekani ulipata nguvu kubwa mwaka 1909, ilipochapishwa Biblia yenye maelezo ya C. I. Scofield, ambamo aya na ufafanuzi wake vilikaa katika ukurasa mmoja, na msomaji wa kawaida akazoea kuvisoma vyote kwa heshima ileile. Wamisionari, vijitabu, mikutano ya injili na baadaye redio na filamu vikaufikisha huku kwetu.

Naharakisha kusema kwamba uchanga wa fundisho hautoshi kulihukumu. Sisi Walutheri wenyewe tuliwahi kushitakiwa kwa kosa hilohilo. Lazima turudi kwenye maandiko, na andiko linalobeba mzigo mzito kuliko yote ni 1 Wathesalonike 4:13–18.

Paulo aliandika waraka huu akiwa Korintho, yapata mwaka 50, kwa kanisa changa lililokuwa limepata msiba. Baadhi ya waumini walikuwa wamekufa kabla ya Kristo kurudi, na waliobaki walihofu kwamba wapendwa wao wamekosa sehemu yao katika siku ile. Hilo ndilo swali alilokuwa akilijibu, na jibu lake ni kwamba wafu hawatasahauliwa, bali watafufuliwa kwanza, kisha walio hai wataungana nao. Hakuna katika aya hizo sita habari ya watu watakaoachwa nyuma, wala ya miaka saba, wala ya kuja kwa awamu mbili. Tena hakuna siri yoyote: Bwana anashuka “pamoja na mwaliko, na sauti ya malaika mkuu, na parapanda ya Mungu”. Nimejaribu mara nyingi kufikiri ni kwa namna gani tukio lenye kelele kiasi hicho lingepita bila majirani kulisikia, na nimeshindwa.

Wapo wanaojibu kwamba Paulo anasema tutanyakuliwa mawinguni kumlaki Bwana hewani, kwa hiyo safari ni ya kupanda. Lakini tuzame katika desturi ya wakati ule. Mtawala alipokaribia mji wa dola ya Kirumi, wakuu wa mji walitoka nje ya malango kumpokea, kisha wakaingia naye. Ndivyo walivyofanya hata ndugu wa Rumi katika Matendo 28, walipotembea hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu kumlaki Paulo. Hawakuhamia huko sokoni, waliandamana naye hadi Rumi. Nani kati yetu humfuata mgeni stendi halafu akakaa naye stendi? Nasoma aya hii pamoja na Ufunuo 21, ambapo mji mtakatifu unashuka kutoka mbinguni na maskani ya Mungu inakuwa pamoja na wanadamu, na ninaona mwelekeo mmoja: Mungu anakuja kwetu.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni matumizi. Aya hizi husomwa sana mazishini, jeneza likiwa bado halijateremshwa, na Paulo anazihitimisha kwa agizo fupi: “Basi, farijianeni kwa maneno hayo.” Nimesimama kwenye makaburi ambapo mhubiri aliishia aya ya 17, akageuka kuwatisha wafiwa kwamba usiku huohuo wanaweza kuachwa, na mjane ambaye aya ya 18 iliandikwa kwa ajili yake hakuisikia kabisa.

Ile miaka saba inatoka Danieli 9, kwenye unabii wa majuma sabini, ambamo kila juma huhesabiwa kuwa miaka saba. Wafuasi wa Darby hulikata juma la mwisho na kulisogeza hadi mwisho wa dunia, wakiacha kati ya juma la 69 na la 70 pengo ambalo sasa linakaribia miaka 2,000. Danieli hataji pengo lolote. Sina la zaidi juu ya hilo.

Kuhusu 666, hesabu ya mnyama katika kitabu cha Ufunuo, nina mengi, kwa sababu ndiyo hesabu inayowatia watu hofu kila teknolojia mpya inapoingia. Kenya ilipoanza usajili wa Huduma Namba, yaani namba moja ya utambulisho wa kitaifa, mwaka 2019, wapo Wakristo walioihusisha na chapa ya mnyama. Chanjo ya korona nayo ikasemwa hivyohivyo. Ufunuo 13:18 unamwalika mwenye akili aihesabu hesabu ya mnyama, nao uliandikiwa makanisa saba ya Asia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Haingii akilini kwamba Yohana aliwapa waumini wa Smirna na Pergamo hesabu ambayo ingeweza kutatuliwa na mtu wa zama za kompyuta peke yake. Kiebrania na Kigiriki cha wakati huo vilitumia herufi kama tarakimu. Ukiandika “Neron Kaisari” kwa herufi za Kiebrania, unapata N 50, R 200, W 6, N 50, jumla 306. Kisha Q 100, S 60, R 200, jumla 360. Ukijumlisha zote mbili unapata 666. Zipo pia nakala chache za kale za Ufunuo zinazosoma 616, na ukiiondoa ile N ya mwisho, kama jina linavyotamkwa kwa Kilatini, unapata 616 kamili. Nero ndiye aliyewatesa Wakristo wa Rumi baada ya moto wa mwaka 64, na Pergamo ilikuwa na hekalu la kumwabudu mfalme tangu enzi za Augusto. Nakiri kwamba mwandishi wa Kigiriki kuhesabu kwa Kiebrania ni jambo linalotaka maelezo, lakini sijaona ufumbuzi mwingine unaozieleza hesabu zote mbili vizuri hivyo.

Linganisha na hesabu ya Michael Stifel, mchungaji rafiki wa Martin Luther. Alichukua jina la Papa Leo wa kumi kwa Kilatini, LEO DECIMVS, akatoa herufi zenye thamani ya namba za Kirumi, akapata 1,656. Hazikutosha, akaongeza 10 kwa sababu Leo alikuwa wa kumi. Ikawa 1,666, nazo zikazidi, hivyo akaiondoa M, yaani 1,000, akisema inasimama kwa neno “fumbo”. Hapo akaipata 666. Kwa uhuru wa kuongeza na kupunguza namna hiyo, hata mimi na mzee wangu wa kanisa tunapatikana humo. Baadaye Stifel alitangaza kwamba dunia ingekwisha tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Saa ilipita, naye akakamatwa na kupoteza usharika wake. Luther, aliyekuwa amempinga, alimtetea, na Stifel akaishia kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ujerumani, jambo ambalo nadhani lilikuwa heri kwa kanisa na kwa hisabati pia.

Si kila aliyetangaziwa tarehe alitoka salama hivyo. Huko Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi moja walifundisha kwamba mwisho ungekuja pamoja na kwisha kwa mwaka 1999. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi wao waliteketea ndani ya jengo la ibada. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, na waendesha mashtaka walieleza kwamba watu walihimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sisemi kwamba kila anayeamini unyakuo yuko njia moja na hao. Wengi wao ni watu wapole wanaolima, wanaosomesha watoto na kulipa ada. Nasema kwamba mtu akishazoezwa kuamini kwamba kiongozi wake anaijua saa ambayo Yesu mwenyewe, katika Mathayo 24:36, alisema hakuna aijuaye ila Baba peke yake, anakuwa amenyang'anywa kinga muhimu.

Limebaki suala la miaka elfu, na hapa sauti yangu inapungua. Sura pekee inayoitaja wazi ni Ufunuo 20, katika kitabu ambacho saba, kumi na mbili na 144,000 zote hubeba maana kuliko idadi. Kwa hiyo namfuata Augustino, askofu na mwanateolojia wa kale wa Afrika Kaskazini, ambaye awali alingojea utawala wa miaka elfu duniani, kisha akabadilika na kuielewa kuwa kipindi cha kanisa. Na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani letu sisi Walutheri, katika kifungu cha 17, linakataa utawala wa watakatifu duniani kabla ya ufufuo. Hata hivyo Irenio, mwalimu wa kanisa wa karne ya pili, aliungojea utawala huo kwa maana ya moja kwa moja, na Irenio katika ujana wake alimsikia Polikarpo, askofu wa Smirna, mojawapo ya makanisa yaleyale saba. Ushahidi wa mtu aliyekuwa karibu hivyo na wasomaji wa kwanza siwezi kuupuuza. Ndiyo maana mchungaji anayengojea miaka elfu ninamkaribisha mimbarini kwangu bila wasiwasi, na anayetangaza tarehe simkaribishi.