Eringiumu si mbigili, ni jamaa ya karoti

Majani yake huchoma kama sindano, vichwa vya maua ni vya buluu, na mara nyingine hata shina huingia ubuluu. Si ajabu kwamba kwa karne nyingi watu wameuita mmea huu mbigili. Macho yamewadanganya: eringiumu ni wa ukoo mmoja na karoti, giligilani na bizari.

Tazama tunda. Mbigili halisi ni jamaa za alizeti, na mbegu zao huwa na manyoya mepesi yanayopeperushwa na upepo. Tunda la eringiumu halina manyoya hayo. Likikauka hupasuka vipande viwili, kila kimoja na mbegu yake, kama la karoti. Nayo ile miiba inayozunguka kichwa si petali, ni majani yaliyobadilika umbo. Maua yenyewe ni yale madogo yaliyosongamana katikati.

Undugu huo unaonekana hata chini ya ardhi. Mzizi wake mkuu ni mnene na huzama mbali kutafuta maji, ndiyo maana unastahimili udongo mkavu na wa kichanga, na ndiyo maana huchukia kuhamishwa ukishakua. Ukiulisha mbolea nyingi, mashina hulegea na kulala. (Bustani tajiri haimfai kila mtu.) Huko Colchester, Uingereza, katika karne ya 17 mizizi ya aina inayoota pwani ilipikwa kwa sukari ikauzwa kama peremende.