Ushirikiano wa Kaunti na Utawala wa Kanda: Maana Yake Katika Magharibi ya Kenya

Ushirikiano wa kaunti ni mpango ambao kaunti mbili au zaidi, kila moja ikibaki na gavana wake, bunge lake na bajeti yake, hukubaliana kutekeleza pamoja jukumu ambalo hakuna hata moja kati yao inayoweza kulitimiza vyema ikiwa peke yake. Utawala wa kanda ni dhana pana zaidi: ni jumla ya vikao, kamati, mikataba na mamlaka ambazo kwazo eneo linalovuka mipaka ya kaunti, kama bonde la mto au ukanda wa ziwa, hufanyiwa maamuzi yanayolihusu lote. Kaunti zaweza kushirikiana katika jambo moja tu, tuseme ukarabati wa barabara ya mpakani, pasipo kuwapo utawala wowote wa kanda. Lakini utawala wa kanda hauwezi kusimama bila ushirikiano.

Haja ya mambo haya huonekana wazi zaidi kwenye mito. Maji yanayofurika katika Uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu, sehemu kubwa huletwa na Mto Nyando, ambao chanzo chake kiko katika nyanda za juu za Nandi na Kericho. Serikali ya Kisumu yaweza kuzibua mitaro, kuimarisha kingo na kuwasaidia waliohama makwao wakati wa masika, ila haina usemi juu ya namna miteremko ya huko juu inavyolimwa wala juu ya miti inayokatwa huko. Kaunti za juu nazo hutakiwa na wapigakura wao kujenga zahanati na barabara, na ni vigumu kwa gavana yeyote kuwaeleza wakazi wake kwa nini fedha zao zitumike kuzuia mafuriko yasiyowafikia. Mto Nzoia ni hivyo hivyo: hukusanya maji ya Mlima Elgon na ya milima ya Cherangany, hupita Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega, kisha hufurika Budalang'i katika Kaunti ya Busia. Mkazi wa Budalang'i hamchagui gavana wa Trans Nzoia. Katika pengo hilo, baina ya mahali uamuzi unapofanywa na mahali madhara yake yanapoangukia, ndipo utawala wa kanda unapohitajika, na kwa maoni yangu hakuna hoja yenye uzito kuliko hii katika mjadala wote wa jumuiya za kaunti, yaani miungano ya hiari ya kaunti za eneo moja.

Kabla ya mwaka 2013 pengo hilo lilizibwa kwa amri kutoka juu. Nchi ilikuwa na mabaraza 175 ya miji na ya wilaya yaliyokuwa chini ya waziri, na juu ya wilaya kulikuwa na mikoa, ikiwamo Nyanza, Magharibi na Bonde la Ufa, iliyoongozwa na wakuu wa mikoa walioteuliwa na Rais. Katiba ya 2010 ilibadilisha msingi huo. Kifungu cha 6 kinasema kwamba serikali za ngazi mbili, ya kitaifa na za kaunti, ni tofauti na zinategemeana, na kwamba zitahusiana kwa kushauriana na kushirikiana. Kifungu cha 189 kinazitaka pia kaunti zenyewe zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati za pamoja na hata mamlaka za pamoja kwa ajili hiyo. Mzozo ukizuka, wahusika wanatakiwa kufanya kila juhudi inayofaa kuumaliza kwa mazungumzo na usuluhishi. Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya mwaka 2012 iliongeza vyombo vya kitaifa vya shughuli hii, kikiwamo Baraza la Magavana na kikao kikuu kinachomkutanisha Rais na magavana wote 47.

Ifahamike kwamba mratibu wa eneo, yaani kamishna wa kanda ambaye watu wengi bado humfikiria kama mkuu wa mkoa, ni afisa wa serikali ya kitaifa. Hasimamii kaunti, wala ofisi yake siyo utawala wa kanda unaozungumziwa hapa. Vivyo hivyo, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, ingawa makao yake yako jijini Kisumu, ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wanachama wake ni nchi. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya ziwa hilo, na mazungumzo na Uganda au Tanzania kuhusu uvuvi hufanywa na serikali ya kitaifa, hata kama mvuvi anayeathirika ni wa Homa Bay au Siaya.

Sura inayojulikana zaidi ya ushirikiano huu ni jumuiya za kiuchumi za kaunti. Jumuiya ya Kanda ya Ziwa inajumuisha kaunti 14: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Kakamega, Vihiga, Bungoma, Busia, Trans Nzoia, Nandi, Kericho na Bomet. Orodha hiyo inavuka mipaka ya mikoa mitatu ya zamani, na inaziweka kaunti za juu ya mito pamoja na zile za chini, jambo ambalo naliona kuwa la thamani kubwa. Uanachama ni wa hiari, wala hauzuii kaunti kujiunga kwingine: Nandi na Trans Nzoia zimo pia katika jumuiya ya Kaskazini mwa Bonde la Ufa, nayo Nakuru, iliyokuwa makao makuu ya mkoa wa Bonde la Ufa, ilijiunga na jumuiya ya kaunti za kati.

Hata hivyo jumuiya si ngazi ya tatu ya serikali. Katiba haizitaji jumuiya hizi kwa jina, hazina bunge lililochaguliwa na wananchi, na haziwezi kutoza kodi. Fedha za kaunti haziwezi kutumiwa bila idhini ya bunge la kaunti husika, kwa hiyo ahadi ya gavana kwenye kongamano inabaki maneno matupu mpaka wawakilishi wadi waipitishe katika bajeti. Hilo ndilo lililofanya mipango mikubwa, kama wazo la kuanzisha benki ya kanda ya ziwa, itegemee uamuzi wa mabunge mengi kwa wakati mmoja. Bunge moja likisita, hesabu yote huyumba.

Mambo madogo hufaulu kwa urahisi zaidi, na yasidharauliwe. Lori la ndizi likitoka Kisii kwenda Nakuru hupita Bomet na Kericho, na mfanyabiashara akidaiwa ushuru wa mazao kwenye kila kizuizi, faida yake huisha njiani na bei hupanda sokoni. Kifungu cha 209 cha Katiba kinakataza kaunti kutoza kwa namna inayoathiri shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka yake au usafirishaji wa bidhaa nchini. Kaunti zikikubaliana kwamba ushuru utalipwa mara moja pale mazao yalipotoka, na kwamba stakabadhi hiyo itatambuliwa kote, basi zimetekeleza ushirikiano kamili bila kujenga ofisi mpya. Soko la Sondu, lililo mpakani mwa Kisumu na Kericho na linalohudumia wakazi wa pande zote mbili, ni mahali panapofaa kamati ya pamoja ya usafi, maji na makusanyo, mradi iandikwe waziwazi ni kaunti ipi inakusanya nini na inatumia wapi.

Kwa hiyo mkazi anayesikia kwamba kaunti yake imetia sahihi mkataba na jirani ana haki ya kuuliza kama mkataba huo umefikishwa bungeni, umetengewa kiasi gani, nani atakayeukagua, na lalamiko litapelekwa kwa nani. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kufanya shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi, na takwa hilo halipungui kwa sababu tu mradi unahusisha kaunti mbili. Kila bunge linawajibika kuwasikiliza watu wake kabla ya kupitisha sehemu yake ya fedha.